Mkataba wa reli ya abiria: Nani humlinda anayelipa nauli?

ABIRIA anayesubiri garimoshi la asubuhi katika kituo cha Ruiru au Kikuyu hajali sana jina la kampuni iliyoandikwa ubavuni mwa behewa. Anachotaka ni kufika kazini mapema, akiwa salama, na kwa nauli anayoimudu.

Hata hivyo, siku ambayo garimoshi halifiki, swali la nani anayeendesha reli huwa zito. Je, lawama ni ya kampuni au ni ya serikali? Na mwananchi atajuaje, ikiwa mkataba kati ya pande hizo mbili umefungiwa kabatini?

Kenya imepitia suala hili mara mbili katika miongo miwili iliyopita. Mara ya kwanza ilikuwa katika reli ya zamani iliyokodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways (RVR) mwaka wa 2006. Mara ya pili ilikuwa katika reli ya kisasa (SGR), ambayo uendeshaji wake uliachiwa kampuni ya Afristar mwaka wa 2017.

Mikataba hiyo miwili haikufanana, lakini yote inafunza jambo moja. Serikali inaweza kumkabidhi mwekezaji injini, mabehewa na funguo za vituo, lakini haiwezi kumkabidhi wajibu wake kwa raia.

Kilichokodishwa mwaka wa 2006

Shirika la Reli la Kenya (KRC) liliundwa mwaka wa 1978, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1977. Kufikia miaka ya tisini shirika hilo lilikuwa limelemewa na madeni na injini kuukuu, huku shehena kubwa kutoka bandari ya Mombasa ikihamia kwenye malori.

Mwaka wa 2005 sheria ya KRC ilifanyiwa marekebisho ili kuruhusu reli ikodishwe. Mnamo Novemba 1, 2006, Kenya na Uganda zilikabidhi huduma za reli kwa RVR, muungano ambao wakati huo uliongozwa na kampuni ya Sheltam kutoka Afrika Kusini. Serikali zingelipwa asilimia 11.1 ya mapato kila mwaka, mbali na ada ya mwanzo.

Upande wa mizigo, muda wa ukodishaji ulikuwa miaka 25. Usafiri wa abiria ulihusu Kenya pekee, na mwekezaji alifungwa kuuendesha kwa muda usiopungua miaka mitano tu.

Tofauti hiyo ya muda inaeleza mengi. Garimoshi la abiria la mjini hujaa saa chache za asubuhi na jioni, kisha mabehewa hukaa bure mchana kutwa. Nauli nayo haiwezi kupandishwa sana, kwa kuwa wengi wa wasafiri ni watu wa kipato cha chini. Shehena ndiyo yenye faida.

Kwa hivyo, mwekezaji mwenye injini chache huzipeleka kwenye mizigo. Ikiwa mkataba hautaji idadi ya safari, viti na saa za kufika, abiria anaweza kuachwa nyuma bila yeyote kuvunja kipengele chochote. Hapo ndipo usimamizi wa umma unapoanza, kabla hata ya saini kutiwa.

Msimamizi mwenye kofia nyingi

Baada ya ukodishaji, KRC haikuvunjwa. Ilibaki kuwa mwenye njia za reli, ardhi na vituo. Ndiyo pia iliyotia saini mkataba, iliyopokea ada na iliyotakiwa kumkagua mwekezaji.

Kofia hizo zote kichwani mwa shirika moja zilizua ugumu. Msimamizi anayetegemea ada ya mwekezaji kulipa madeni yake husita kuchukua hatua ambayo itakausha ada hiyo. Isitoshe, reli ilihusu nchi mbili, na uamuzi wa Nairobi ulihitaji kuangalia pia msimamo wa Kampala.

Malalamiko yalianza mapema. Serikali zote mbili zilinung'unika kwamba mwekezaji hakuwa na mtaji wa kutosha na hakufikia malengo. Mwaka wa 2010 umiliki ulibadilika, ambapo kampuni ya Citadel Capital ya Misri na TransCentury ya Kenya zilichukua usukani. Mwaka uliofuata wakopeshaji wa kimataifa waliidhinisha mikopo ya dola milioni 164. Mnamo 2014 TransCentury iliuza hisa zake kwa mshirika wake huyo wa Misri.

Si kila kosa lilikuwa la mwekezaji. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, reli iling'olewa mtaani Kibera na usafiri wa kuelekea Uganda ukakatizwa. Usimamizi wa haki hutenga hasara iliyoletwa na uzembe na ile iliyoletwa na mambo ambayo kampuni haingeweza kuyazuia. Bila rekodi za kila siku, kila upande hujitetea kwa maneno matupu.

Kwa upande wa abiria, hatua kubwa zaidi ya kipindi hicho ilitokana na fedha za umma. Kituo cha Syokimau, kilichofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, kilijengwa na serikali, huku RVR ikiendesha magarimoshi. Mwananchi alikuwa amelipa kama mlipa ushuru, kisha akalipa tena kama msafiri. Alikuwa na haki maradufu ya kujua kilichoahidiwa.

Mwisho ulifika mwaka wa 2017. KRC ilitoa notisi ya kuvunja mkataba kwa madai ya ada ambazo hazikulipwa na malengo ambayo hayakutimizwa. Mnamo Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilifungua njia ya reli kurejeshwa kwa umma. Mkataba wa miaka 25 ulikuwa umedumu kwa takriban miaka 11.

Aina mbili za mikataba

Mikataba ya uendeshaji wa reli hutofautiana hasa kwa swali moja: ni nani anayebeba hasara abiria wakipungua?

Katika ukodishaji kama ule wa RVR, kampuni hukusanya mapato, hubeba hatari ya biashara na kuilipa serikali sehemu yake. Msimamizi wa aina hii ya mkataba hana budi kukagua vitabu vya mapato, kwa sababu shilingi isiyoandikwa haitozwi ada. Ni lazima pia akague mali. Kampuni inayokaribia mwisho wa muda wake huweza kupunguza matengenezo ili ivune faida, kisha irudishe injini zilizochakaa.

Katika mkataba wa uendeshaji na matengenezo, serikali ndiyo humlipa mwendeshaji. Hapa ndipo ilipoangukia Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mnamo Juni 2017. Afristar ilianzishwa na kampuni ya CRBC, ambayo ni mali ya serikali ya China, lakini nchini Kenya ilifanya kazi kama kampuni ya kibiashara kwa mujibu wa mkataba.

Katika aina hii ya pili hatari hugeuka. Behewa likiwa tupu, mwendeshaji bado hudai malipo yake, na pengo huzibwa na mlipa ushuru. Msimamizi anapaswa kuuliza kila gharama inayodaiwa ni ya nini, na kama kazi iliyolipiwa ilifanywa. Malimbikizo ya malipo ya Afristar yalijadiliwa bungeni, na kuanzia 2021 KRC ilianza kuchukua baadhi ya majukumu, ukiwemo uuzaji wa tiketi.

Msafiri aliuhisi uzito wa gharama mfukoni. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa, iliyokuwa Sh700 huduma ilipoanza mwaka wa 2017, ilifika Sh1,500 mnamo Januari 1, 2024.

Sheria inasemaje?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katiba ya 2010 ilimpa mwananchi njia ya kulifikia daftari hilo, jambo ambalo halikuwepo wakati RVR ilipokuwa ikitia saini.

Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia zilizo kwa mtu mwingine iwapo zinahitajika ili kulinda haki fulani. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya huduma za ubora ufaao, ziwe zinatolewa na shirika la umma au na mtu binafsi. Kampuni haiwezi kujificha nyuma ya neno 'kibinafsi'.

Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali athibitishe iwapo fedha za umma zimetumiwa kwa njia halali na yenye manufaa. Ripoti zake kuhusu mashirika ya umma hupelekwa bungeni, ambako wakuu wa mashirika huitwa na kuhojiwa na kamati husika.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ilieleza utaratibu. Mwananchi huandika ombi kwa taasisi husika, nayo hutakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Akinyimwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ofisi ya Ombudsman. Sheria hiyo inagusa pia kampuni za kibinafsi zinazotumia fedha za umma au kutoa huduma za umma.

Haki hiyo imewahi kupimwa mahakamani kuhusu reli hasa. Mnamo Mei 2022, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliagiza serikali iwape wanaharakati wawili stakabadhi za mradi wa SGR walizokuwa wameomba. Mnamo Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitoa hadharani mikataba ya mikopo ya ujenzi. Wakenya walikuwa wamepanda garimoshi hilo kwa zaidi ya miaka mitano kabla ya kuyaona masharti ya mikopo hiyo.

Wengine walifanyaje?

Tanzania ilifuata njia tofauti kidogo. Mwaka wa 2007 kampuni ya RITES ya India ilipewa reli ya kati kwa miaka 25 ikiwa na asilimia 51 ya hisa, na serikali ikabaki na asilimia 49. Migomo ya wafanyakazi na uhaba wa injini na mabehewa viliandama ubia huo, na kufikia 2011 serikali ilikuwa imezirejesha hisa hizo. Kumbe hata kumiliki karibu nusu ya kampuni si sawa na kuisimamia.

Uingereza, iliyobinafsisha reli zake kwa sheria ya mwaka wa 1993, ilijenga mfumo wa wazi zaidi. Mikataba ya kampuni za abiria huchapishwa. Takwimu za magarimoshi yaliyochelewa au kufutwa hutolewa mara kwa mara na mdhibiti asiye mwendeshaji wala mwenye mkataba. Aliyecheleweshwa huweza kudai sehemu ya nauli yake.

Uwazi huo haukuzuia kampuni kushindwa. Ulichosaidia ni kushindwa huko kuonekana mapema. Huduma za pwani ya mashariki zilirudishwa serikalini mwaka wa 2018, na za kaskazini mnamo Machi 2020. Mwaka wa 2024 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kurejesha huduma za abiria mikononi mwa umma kadiri mikataba inavyokwisha.

Maswali ya kuuliza

Mbunge, mwanahabari au msafiri anayetaka kupima mkataba wowote wa reli ya abiria anaweza kuanza na maswali haya:

- Mkataba unataja safari ngapi kwa siku, viti vingapi na saa gani za kufika?

- Ni nani anayehesabu abiria na mapato: mwendeshaji mwenyewe au mtu mwingine?

- Nauli inaweza kupandishwa na nani, na je, umma husikizwa kwanza?

- Hali ya injini na mabehewa hukaguliwa mara ngapi, na ripoti husomwa na nani?

- Adhabu ya kukosa kutimiza ahadi ni ipi, na imewahi kutozwa?

- Mkataba ukivunjika, nani ataendesha garimoshi kesho yake asubuhi?

Swali la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Serikali isiyo na jibu lake hubaki mateka wa mwendeshaji, kwani hata ikiwa na sababu zote za kuvunja mkataba, itaogopa kuwaacha maelfu ya wafanyakazi vituoni.

Tangu 2017 magarimoshi ya mitaa ya Nairobi yamerejea chini ya KRC, na mwaka wa 2020 huduma hiyo iliongezewa magarimoshi yaliyonunuliwa Uhispania. Maswali hayo hayakwisha kwa kuwa mwendeshaji ni shirika la umma. Nalo pia lina ratiba ya kutimiza, mali ya kutunza na fedha za kutolea hesabu.

Iwapo mwekezaji mwingine ataalikwa siku za usoni, wakati bora wa kuuliza ni kabla ya wino kukauka. Abiria wa Ruiru anastahili kuyajua masharti siku hiyo hiyo, badala ya kusubiri miaka kumi na moja ndipo ayasikie mahakamani.