Kimalta: Lugha ya wavuvi iliyofika mahakamani

Mkatoliki wa Malta anapoingia Kwaresima, husema ameingia Randan. Pasaka anaiita L-Għid. Na Mungu anayemwomba ni Alla. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: Randan ni Ramadhani, Għid ni Idi. Dini ya Kiislamu iliondoka kisiwani zamani, maneno yake yakabaki vinywani mwa Wakristo.

Hebu tuitazame historia. Malta ni visiwa vidogo katikati ya Bahari ya Mediterania, kusini mwa Sisilia. Waarabu waliviteka mwaka 870. Wanormani walipovivamia mwaka 1091, watawala walibadilika, na baada ya muda dini nayo ikabadilika. Lugha haikung'oka. Ilimeza maneno ya Kisisilia na Kiitaliano hata leo karibu nusu ya msamiati wake umetoka huko, lakini mifupa yake ni ya Kiarabu. Sita ni sitta, saba ni sebgħa, bahari ni baħar, kitabu ni ktieb.

Nani aliyeitunza? Si wasomi, maana hao waliandika Kilatini na Kiitaliano. Kimalta waliachiwa wakulima, mafundi na wavuvi. Nenda Marsaxlokk, bandari ya wavuvi. Jina lenyewe linajieleza: marsa ni bandari, xlokk, ambalo hutamkwa shlok, ni upepo wa kusini-mashariki. Mashua zao, ziitwazo luzzu, hupakwa rangi za kung'aa na kuchorwa macho mawili kwenye omo. Msimu wa samaki aina ya lampuki unapoanza mwezi Agosti, wavuvi huelesha maboya yaliyofunikwa makuti ya mtende. Samaki hukusanyika chini ya kivuli hicho, nao huwazungushia wavu. Kazi kama hii haifundishwi kwa lugha ya kuazima. Mwana huipokea kwa maneno yale yale baba aliyoyapokea kwa babu.

Lakini lugha kutumika baharini ni jambo moja, kuheshimiwa mjini ni jingine. Mikiel Anton Vassalli alilijua hilo. Mwaka 1796 alichapisha kamusi ya Kimalta, wakati mabwana waliiona kuwa lugha ya makabwela tu. Alifungwa, akaishi uhamishoni, kisha mwaka 1825 akawa profesa wa kwanza wa Kimalta katika Chuo Kikuu cha Malta. Alipofariki mwaka 1829, alizikwa katika makaburi ya Waprotestanti kwa kuwa kanisa la kwao lilimkataa. Leo Wamalta wanamwita baba wa lugha yao.

Mwaka 1934 wakoloni Waingereza waliondoa Kiitaliano na kukifanya Kimalta lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Si kwamba walikipenda sana Kimalta. Walitaka kuizima sauti ya Italia ya Mussolini. Hata hivyo Wamalta waliushika mlango uliofunguliwa wasiuachie. Uhuru ulipatikana mwaka 1964, na mwaka 2004 Kimalta kikawa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, ingawa wenyewe ni kama nusu milioni tu.

Sasa tulinganishe. Katiba ya Malta inaitambua lugha moja ya taifa, Kimalta, na lugha mbili rasmi, Kimalta na Kiingereza. Katiba yetu ya 2010 inasema vivyo hivyo kuhusu Kiswahili na Kiingereza. Utadhani ni pacha. Ati tofauti iko wapi? Iko kwenye vifungu vinavyosomwa na wachache. Malta, sheria ikigongana katika lugha mbili, kwa kawaida tafsiri inayoshinda ni ya Kimalta. Kenya, Ibara ya 259 inasema matini za Katiba zikigongana, itakayoshinda ni ya Kiingereza.

Kiswahili kina wasemaji mara nyingi zaidi ya Kimalta. Kwa hivyo wingi wetu si hoja. Wamalta walikubali lugha ya mvuvi imfunge hakimu. Sisi bado tunaiomba lugha ya taifa ikae nje ya mlango, isubiri tafsiri.