Mtoa taarifa, mnoko, mfichuzi

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi imethibitisha istilahi "mtoa taarifa", yaani mtu anayeieleza mamlaka maovu aliyoyabaini, ingawa neno hilo ni baridi mno, kwani hata mtabiri wa hali ya hewa hutoa taarifa. Mtaani hali ni nyingine: karani wa kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida ambaye, kwa mfano, angeona mizani inampunja mkulima kilo mbili kwa kila gunia na kwenda kusema, angeitwa na wenzake mnoko, au mchongezi, neno linalotokana na kuchongea, ambako ni kumsema mtu kwa mkubwa ili aumie.

Simulizi za kashfa, kinyume chake, humwita shujaa, kisha humwacha hapohapo. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za Goldenberg, kashfa ya fidia iliyolipwa kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa nje, alikamatwa na kufukuzwa kazi mwaka 1993, akaja kutunukiwa tuzo, lakini hadi anafariki mwaka 2006 hakuwa amerudishwa kazini.

"Mpiga filimbi", tafsiri ya sisisi ya neno la Kiingereza "whistleblower", humkumbusha msomaji refa tu. "Mfichuzi" lina nguvu zaidi, maana fichua ni kinyume cha ficha, kama fumbua kwa fumba, hivyo neno lenyewe humtaja pia aliyeficha.