Geti la Mtoto na Mdomo wa Duara

Geti la mtoto ni kizuizi kinachofungwa mlangoni au penye ngazi ili mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asivuke. Uzio wa kuchezea hufanya kazi hiyohiyo kwa kumzunguka pande zote. Nchini Marekani vifaa hivi vilikuwa chini ya kiwango cha hiari, ASTM F1004, mpaka tume inayosimamia usalama wa bidhaa ilipokifanya sharti kuanzia Julai 6, 2021. Ulaya wana chao, EN 1930.

Kiwango cha Marekani kinadai geti lisipungue inchi 22 kwenda juu, kama sentimita 56. Likisukumwa sehemu tano kwa nguvu ya paundi 30, yaani uzito wa kilo 13.6 hivi, lisichomoke. Nafasi zake zisipitishe kiwiliwili huku kichwa kikikwama; mageti ya zamani ya kukunjana, yenye pembe za V juu, yaliua watoto kwa namna hiyo.

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, kama Mwakitolyo, Nyarugusu au Rwamagasa, ngazi za ghorofani si tatizo. Hatari zipo usawa wa ardhi: mafiga, jiko la mkaa, ndoo ya maji isiyofunikwa na, hatua chache nje, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa pale rashi, ule mmiminiko wa watu wanaofuata dhahabu, ilipohamia kwingine. Masika yakija shimo hujaa, na maji ya tope hayaonyeshi kina. Kwa maoni yangu, huku kinachopaswa kuzungushiwa kwanza ni hatari yenyewe, kisha mtoto. Duara lisilotumika lifukiwe; linalotumika lizungushiwe fito zilizosimama wima na kubanana. Fito zikilazwa, mtoto amepata ngazi.

Hata geti la dukani huhitaji ukuta wa kulishika. Yale yanayojibana kwa shinikizo, bila skrubu, hayaaminiki kwenye tofali za udongo zinazomomonyoka. Heri fremu ya mbao iliyochimbiwa, bawaba na komeo upande wa nje. Minyaa, uzio wa miaka mingi katika kaya za Wasukuma, huzuia ng'ombe vizuri, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya. Si mahali pa kumwacha anayetambaa.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inautaja uchimbaji madini miongoni mwa kazi hatarishi ambazo mtoto haruhusiwi kufanya. Ila mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeketi kando ya karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, mama yake akiponda mawe, hajaajiriwa na yeyote. Yupo tu, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Hapo kituo cha kulelea watoto mchana, chenye lango na mlezi, kina faida kuliko geti lolote la nyumbani. Sheria hiyohiyo inavitambua vituo hivyo, na programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, ililenga watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane.

Zebaki ni habari nyingine. Dhahabu iliyonaswa kwa zebaki ikichomwa uani, mvuke wa zebaki hupita juu ya uzio wowote na kuingia chumbani, na nguo za kazini huleta vumbi hadi kitandani. Kinga yake ni umbali. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kuchukua hatua za kukomesha uchomaji huo kwenye makazi.