Kiapo Ndani ya Ndege

Karibu na mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, pana makumbusho makubwa ya Jeshi la Anga la nchi hiyo. Miongoni mwa ndege nyingi zilizohifadhiwa humo imo moja ndefu, ya rangi nyeupe na buluu, ambayo ubavuni mwake limeandikwa jina la nchi kwa herufi kubwa. Mgeni huruhusiwa kupanda ngazi akapita ndani yake toka mbele hata nyuma. Ujia wake ni mwembamba, na vyumba vyake ni vidogo kuliko mtu anavyotazamia katika chombo cha mkuu wa dola. Hata hivyo, ndani ya vyumba hivyo, siku ya Ijumaa tarehe 22 Novemba 1963, mamlaka ya dola yenye nguvu nyingi yalithibitishwa mikononi mwa rais mpya, na rais aliyekufa alikuwa hatua chache tu nyuma yake. Katika insha hii tutaitazama siku ile, tujiulize kwa nini ndege ilicheleweshwa kuruka, hali karibu kila aliyekuwamo alitamani kuondoka.

Kwanza yatupasa kuijua ndege yenyewe. Ilikuwa Boeing 707 yenye injini nne za jeti, na namba yake ilikuwa 26000. Ilianza kazi mwezi wa Oktoba 1962, nayo ndiyo ndege ya jeti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa safari za rais wa Marekani. Jina la Air Force One, ambalo watu wengi hudhani kuwa ni la ndege moja, kwa hakika ni jina la kuitia redioni ndege yoyote ya Jeshi la Anga wakati rais anapokuwamo. Akishuka, jina hushuka naye. Rangi zake zilibuniwa na Raymond Loewy, msanifu mashuhuri wa vyombo, naye Rais John F. Kennedy na mkewe Jacqueline walishiriki katika kuzichagua. Katika Juni 1963 ndege hiyo ilimpeleka Kennedy Ujerumani na Ireland, akapokewa na umati mkubwa wa watu. Basi ikawa watu wakiiona ndege, humfikiri mwenyewe.

Asubuhi ya siku tunayoizungumza, ndege iliruka kutoka Fort Worth ikatua Dallas, katika jimbo la Texas, safari ya dakika 13 tu. Kennedy alikuwa akilizuru jimbo hilo kutafuta nguvu kwa ajili ya uchaguzi wa 1964. Makamu wake, Lyndon B. Johnson, mzaliwa wa Texas, alikuja kwa ndege nyingine. Yapata saa tano na dakika 40 Kennedy na mkewe walishuka ngazi, wakapeana mikono na watu waliokuwa wakiwangoja penye ua wa uwanja, kisha wakapanda motokaa isiyo na paa. Rubani wao, Kanali James Swindal, alibaki na ndege uwanjani, akijua kuwa mchana uleule ataondoka nao.

Saa sita na nusu mchana risasi zililia barabarani, na Rais akapigwa. Gavana wa Texas, John Connally, aliyekuwa katika motokaa hiyohiyo, alijeruhiwa vibaya lakini akapona. Saa saba mchana madaktari wa hospitali ya Parkland walithibitisha kwamba Rais amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Msiba haubishi hodi. Na ukiisha ingia, wenye nyumba hawana nafasi ya kulia kabla ya kuamua la kufanya. Walinzi walimsihi Johnson aondoke hospitalini upesi, kwa maana hapana aliyejua kama risasi zile ni kazi ya mtu mmoja au ni mwanzo wa vita. Tukumbuke kwamba mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Marekani na Urusi zikaribie kupigana kwa sababu ya makombora yaliyowekwa Kuba. Yapata saa saba na nusu Johnson alifika uwanjani akaingia katika ndege namba 26000, wala si katika ile iliyomleta. Mapazia ya madirisha yakashushwa.

Johnson angaliweza kuruka saa ileile. Alikataa kuondoka bila ya mjane wa Rais. Naye Jacqueline Kennedy alikuwa amekataa kuondoka hospitalini bila ya mwili wa mumewe. Huko hospitalini pakatokea shida nyingine. Kwa sheria ya wakati ule, kumwua rais halikuwa kosa chini ya sheria za serikali kuu. Lilikuwa kosa la mauaji katika jimbo la Texas, kama mauaji ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo daktari mchunguzi wa maiti wa wilaya alisema kwamba maiti haiwezi kuondoka kabla ya kupasuliwa na kuchunguzwa palepale. Wasaidizi wa Kennedy hawakuweza kuvumilia kumwona mjane akingoja saa nyingi karibu na jeneza. Walibishana, kisha wakapita na jeneza kwa nguvu mpaka penye gari. Mwaka wa 1965 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyolifanya jambo la kumwua rais kuwa kosa la serikali kuu.

Uwanjani kulikuwa na kazi ya kumtayarishia marehemu mahali. Wafanyakazi wa ndege hawakutaka rais wao asafiri chini pamoja na mizigo. Basi waling'oa viti vya sehemu ya nyuma ili jeneza lipate nafasi. Jeneza lilikuwa zito, na ngazi ilikuwa nyembamba, lakini walinzi wake walilipandisha wenyewe. Jacqueline akaketi karibu nalo. Wasaidizi wa Kennedy, wakihofu kwamba wakuu wa Dallas watafuata na kudai maiti, walitaka ndege iruke mara moja. Kenneth O'Donnell, mmoja wao, aliagiza iruke. Ndege haikuruka. Akaambiwa kwamba Johnson anamngoja jaji aje kumwapisha.

Hapa ndipo penye swali letu. Je, Johnson alifanya haki kuichelewesha ndege yenye maiti na mjane kwa ajili ya kiapo? Baadhi ya watu wa Kennedy walikasirika. Walimwona kama mtu aliyefanya haraka kukalia kiti ambacho bado kina joto la mwenyewe. Hata baadaye hawakupatana juu ya habari zenyewe: Johnson alisema kwamba O'Donnell ndiye aliyemshauri aingie katika ndege ile, na O'Donnell akakana. Mwanafunzi wa historia asishangae. Watu wawili waliokuwa mahali pamoja, katika saa moja ya uchungu, waweza kuondoka na kumbukumbu mbili, na hapana budi zote mbili zisikilizwe.

Lakini Johnson naye alikuwa na hoja. Katiba ya Marekani iliandikwa katika mwaka wa 1787, na maneno yake juu ya kifo cha rais hayakuwa wazi. Haikueleweka kama makamu anakuwa rais kamili au anashika kazi za rais tu. Rais William Henry Harrison alipokufa katika 1841, makamu wake, John Tyler, alikula kiapo akajiita rais kamili, na tangu hapo desturi ikafuatwa. Desturi, basi, ndiyo iliyokuwa imeziba pengo la sheria. Wanasheria wengi waliona kwamba Johnson alikuwa rais tangu dakika aliyokufa Kennedy. Lakini yeye alitaka watu wake, na maadui wa nchi yake, waone kwa macho kwamba kiti hakiko kitupu.

Jaji aliyeitwa alikuwa mwanamke, Sarah T. Hughes, aliyeteuliwa na Kennedy mwenyewe katika mwaka wa 1961. Maneno ya kiapo yalipatikana kwa simu kutoka Washington: Nicholas Katzenbach, naibu wa Mwanasheria Mkuu, aliyasoma, na karani wa Johnson akayaandika ndani ya ndege. Kitabu cha kuapia kilitafutwa, kikapatikana katika chumba cha kulala cha Kennedy. Kilikuwa kitabu cha sala cha Wakatoliki, yaani misale. Watu wapatao 27 walijibana katika chumba kidogo chenye joto. Johnson aliuliza kama Bi. Kennedy angependa kuwapo, naye akaja. Nguo yake bado ilikuwa na damu ya mumewe. Alikuwa amekataa kuivua, akitaka watu waone lililotendwa.

Saa nane na dakika 38 mchana Johnson aliinua mkono wa kulia, mkewe akiwa upande huu na mjane upande huu. Mpiga picha wa Ikulu, Cecil Stoughton, alijibana ukutani ili aweze kuwaona wote, na picha aliyoipiga ikaenea ulimwenguni. Kiapo hakikuchukua hata dakika moja. Hapakuwa na mizinga wala bendi wala makofi. Mpaka leo Jaji Hughes ni mwanamke pekee aliyepata kumwapisha rais wa Marekani. Jaji akashuka, milango ikafungwa, na saa nane na dakika 47 ndege ikaruka.

Safari ile ilichukua saa mbili na dakika chache. Mbele rais mpya alizungumza kwa redio na simu na wakuu wa serikali. Nyuma mjane na marafiki wachache wa marehemu walikaa na jeneza. Baina yao palikuwa na ujia tu. Katika anga nyingine, juu ya bahari ya Pasifiki, ndege iliyowachukua mawaziri kadhaa kwenda Japani ilikuwa imegeuka kurudi. Yapata saa kumi na mbili jioni, kwa saa za Washington, namba 26000 ilitua. Robert Kennedy, ndugu wa marehemu, alipanda mbio akapita mbele ya watu wote kwenda kwa shemeji yake. Baada ya jeneza kushushwa, Johnson alisimama mbele ya vipaza sauti akasema maneno machache, akiomba msaada wa watu na wa Mungu. Siku ya maziko, tarehe 25 Novemba, Kanali Swindal aliirusha ndege ileile juu ya makaburi ya Arlington, akaiinamisha mabawa kumwaga bwana wake.

Huku kwetu nako msiba ule ulisikika. Katika mwaka wa 1960 mfuko wa hisani wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa nauli za wanafunzi wa Afrika ya Mashariki waliokwenda kusoma Marekani, baada ya Tom Mboya kumwendea Kennedy mwenyewe. Na Kenya ilijipatia Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, siku 20 tu baada ya Kennedy kufa.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wamarekani waliona ufa katika chumba kile cha ndege, wakauziba. Badiliko la 25 la Katiba yao, lililopitishwa katika 1967, lilisema wazi kwamba rais akifa makamu anakuwa rais, na likaonyesha njia ya kumpata makamu mwingine. Maana Johnson alitawala bila ya makamu mpaka Januari 1965. Nasi tumepitia njia hiyo. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, makamu wake, Daniel arap Moi, aliapishwa siku ileile kwa muda wa siku 90, kama Katiba ya wakati ule ilivyoagiza. Katiba yetu ya 2010 nayo inasema kwamba naibu wa rais atashika kiti kwa muda uliosalia.

Ndege namba 26000 iliendelea na kazi kwa miaka mingi. Ilimpeleka Rais Nixon Uchina katika Februari 1972, na mwaka wa 1973 ikauchukua mwili wa Johnson mwenyewe kwa ajili ya maziko yake. Ilistaafu katika 1998. Nilisema kwamba rais akishuka, jina hushuka naye. Siku ile ya Novemba rais wa kwanza alishuka Dallas akiwa mzima, hakupanda tena kwa miguu yake. Lakini ndege iliporuka ilikuwa ingali Air Force One. Jina lilibaki kwa sababu lilikuwa la kiti, wala halikuwa la mtu. Jambo hilo ndilo Johnson alilotaka lionekane, hata kwa gharama ya kuwangojesha wafiwa. Na kama aliwaumiza kwa kungojesha huko, tumhukumu kwa kupima vyote viwili, uchungu wa waliokaa nyuma na haja ya waliongoja habari nje, kwa maana vyote viwili vilikuwa vya kweli.