Kususia, Sheria Kali na Jirani Yetu

Mwaka 2010 wazee wa kanisa wa usharika mmoja mkoani Iringa walikaa hadi giza likaingia wakibishana kuhusu mabati. Fedha zilikuwa zimetoka kwa usharika rafiki wa Minnesota. Januari ya mwaka huo maaskofu wa KKKT walikuwa wametoa Tamko la Dodoma, wakipinga uamuzi wa makanisa ya Marekani na Sweden wa mwaka 2009 kuhusu ndoa na utumishi wa watu wa jinsia moja. Tamko lilisema hata fedha za wanaotetea ndoa hizo hatuzihitaji. Mzee mmoja akasema, basi turudishe. Mwenzake akamwuliza, "Na karo za watoto, Baba, nazo tutarudisha?" Sisi tulikuwa wachungaji vijana, tukanyamaza. Mabati yalipigwa mwaka uliofuata, na urafiki wa Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, tunaouita Bega kwa Bega, unaendelea hadi leo.

Tunaukumbuka ubishi ule kila redio inapotangaza kwamba nchi fulani imesimamisha msaada kwa sababu ya sheria kali dhidi ya watu wa mapenzi ya jinsia moja. Washarika wa Mbeya hutuuliza: huu si ukoloni mpya? Swali ni halali. Lakini tukitaja ukoloni, tuutaje wote. Sheria yenyewe haikutungwa na wazee wa Kihehe wala wa Kinyakyusa. Ililetwa na Mwingereza, ikarithi maneno ya sheria ya India ya mwaka 1860, ikaingizwa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika. Bunge letu liliikaza mwaka 1998: kifungo kisichopungua miaka 30, hata maisha.

Wala hatuwezi kusema Mkristo hana ruhusa ya kususia. Juni 26, 1959, Julius Nyerere alisimama London pamoja na Padre Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi, wakawataka Waingereza waache kununua bidhaa za Afrika Kusini. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu hapa kwetu, Dar es Salaam. Ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano ule ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi ni jambo linalogusa ukiri wa imani, si siasa tu. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama. Sisi Walutheri wa Tanzania tulishangilia. Hakuna aliyesema tunaingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine.

Basi tofauti iko wapi? Kwa maoni yetu iko kwa yule anayeumia. Kule Afrika Kusini walioonewa wenyewe ndio walioomba dunia isusie. Chifu Albert Luthuli alijua kwamba watu wake wangekosa kazi, akaomba hivyo hivyo.

Uganda mambo yalikuwa tofauti. Muswada wa kwanza ulipelekwa bungeni mwaka 2009, ukiwa na adhabu ya kifo ndani yake. Mwaka uliofuata gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu, likitaka wanyongwe. David Kato, mmoja wa waliotajwa, alilishtaki akashinda, na wiki chache baadaye, Januari 2011, akauawa nyumbani kwake. Mhubiri kwenye mazishi alianza kuwalaani rafiki zake waliokuja kulia. Askofu mstaafu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilikuwa limemtenga, ndiye aliyemzika. Sisi tunaozika watu kila juma tungependa habari hii isipite haraka. Kuna mafundisho ya kanisa kuhusu ndoa, nasi tunayashika. Lakini kaburini?

Mwaka 2011 Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, alitishia kupunguza misaada kwa nchi zenye sheria hizi. Bernard Membe, waziri wetu wa mambo ya nje, alikataa kwa sauti kubwa, na watu wakampigia makofi. Waliosahaulika ni wanaharakati wa Kiafrika, wengine wao wakiwa walewale waliokuwa wakiwindwa, waliomwandikia Cameron kwamba asifanye hivyo. Walijua zahanati ikifungwa, na wao hutibiwa hapo. Na jirani aliyekosa dawa atawalaumu wao.

Hawakusikilizwa sana. Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria, na Benki ya Dunia ikaahirisha mkopo wa dola milioni 90. Mkopo ule ulikuwa wa afya. Agosti mahakama ya Uganda ikaifuta sheria kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Waliofungua kesi walikuwa Waganda. Sheria ilirudi mwaka 2023, kali zaidi, na Benki ikafunga tena mkono. Aprili 2024 mahakama iliiacha sehemu kubwa, lakini ikaondoa vipengele vilivyogusa haki ya kutibiwa na uhuru wa dini. Hapo pia walioshtaki walikuwa Waganda.

Kwetu, Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wamtumie majina. Serikali ikasema hayo ni maoni yake mwenyewe. Denmark ikazuia sehemu ya msaada, kroner milioni 65. Dar ni mbali na Tukuyu, lakini hofu husafiri kwa basi la usiku. Utafiti wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, viwango vya juu kabisa nchini. Hapa kwetu mtu anayeogopa kuonekana kliniki ni habari ya kijiji kizima.

Mwishoni mwa mwaka ule mama mmoja alikuja ofisini baada ya ibada ya pili. Hakutaka kukaa. Alisema mwanawe, aliyekuwa akiimba besi kwaya ya vijana, ameacha kwenda kuchukua dawa kwa sababu mhudumu wa kliniki ni mwimbaji mwenzake. Tulimwuliza kama anataka tumwombee. Akasema, "Baba Mchungaji, ombeni, ila nilikuja kuuliza kama mnaweza kumpatia nafasi kliniki ya wilaya nyingine." Tulipiga simu. Ilichukua majuma matatu.