Waigizaji wa Taifa na Kumbi za Baa

Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho anayehitimu mwaka huu aliniuliza kwa nini nchi yetu haina kikundi cha maigizo cha taifa. Kilikuwapo. Katika miaka ya 1970 Serikali iliwalipa waigizaji mshahara, kama ilivyowalipa wacheza ngoma tangu miaka ya 1960. Kisha hazina ikakauka: mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vikamaliza kilichobaki. Vikundi vya taifa vikavunjwa. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na baadhi ya wasanii wakawa walimu wake.

Wapo wanaosimulia hayo kama ushindi wa elimu. Siafikiani nao. Tulifungua shule huku tukifuta ajira ambayo ingempokea mhitimu. Aliyetaka kuishi kwa kuigiza alivifuata vikundi kama Muungano na Mandela kwenye kumbi za baa, Temeke na Kinondoni, ambako mshahara ulitegemea kiingilio, na kichekesho kilibanwa kati ya ngoma, sarakasi na taarabu. Mtaala haukuwapo. Mgeni alipandishwa jukwaani, na watazamaji, bia mkononi, ndio waliomsahihisha.