Kuzidisha kulivyohama kutoka vumbini hadi daftarini

Mpe mtoto wa shule ya msingi 47 mara 36. Ataandika namba moja chini ya nyingine, azidishe 47 kwa 6 apate 282, azidishe kwa 30 apate 1410, kisha ajumlishe: 1692. Akikosa, mwalimu hupitia mstari kwa mstari mpaka aione ile 4 iliyobebwa ikasahauliwa.

Njia hiyo tunaiona ya kawaida, kana kwamba hesabu ilizaliwa nayo. Sivyo. Imetokana na karatasi.

Katika Misri ya kale, watu walizidisha bila kukariri tebo. Mwandishi Ahmes, aliyenakili mafunjo ya hesabu mnamo 1550 KK, alihitaji kujua kuongeza maradufu na kujumlisha tu. Kwa njia yake, 47 inakuwa 94, kisha 188, 376, 752, na 1504 ikifika mara 32. Kwa kuwa 36 ni 32 na 4, unajumlisha 1504 na 188. Jibu ni lile lile, 1692.

Tarakimu za Kihindi zilipofika Baghdad, ambako al-Khwarizmi aliziandikia kitabu katika karne ya 9, zilikuja na ubao wake: bapa lililotandazwa vumbi, ukiandika kwa kidole au kijiti. Mhesabuji alianzia kushoto, na kila tarakimu ilipobadilika aliifuta na kuandika mpya mahali pale pale. Mwisho wa kazi lilibaki jibu peke yake. Kama lilikuwa na kosa, hapakuwa na wa kusema limetokea wapi.

Mwaka 952, mjini Damascus, al-Uqlidisi aliandika kitabu kilichoonyesha namna ya kufanya hesabu hizo kwa wino na karatasi, bila kufuta. Miongoni mwa sababu zake ni aibu: ubao wa vumbi ulionekana mikononi mwa watabiri wa nyota waliotafuta riziki barabarani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana. Ramli, kwa Kiarabu, ni mchanga, na mpiga ramli tunamjua.

Wino ulipokataa kufutika, mbinu zikabidi zibadilike. Hatua zote zikapata mahali pa kukaa. Mojawapo ya mbinu zilizoenea ni ya kimia, ambayo Waitalia waliiita gelosia, kwa jina la dirisha la fito zilizopishana. Unachora miraba minne, kila mmoja ukiukata kwa mstari wa mshazari. Juu unaandika 4 na 7, ubavuni 3 na 6. Kila mraba unapokea zao lake: 12, 21, 24 na 42, makumi juu ya mshazari na mamoja chini yake. Kisha unajumlisha kwa kufuata mishazari kutoka kulia: 2, 9, 6, 1. Ndiyo 1692, na wakati wa kuzidisha hukubeba chochote.

Kitabu cha hesabu kilichochapishwa Treviso, Italia, mwaka 1478 kwa ajili ya wafanyabiashara kilifundisha kimia pamoja na njia ya mistari inayofanana na yetu. Mwaka 1617 John Napier wa Scotland alikikata kimia hicho kuwa vijiti vya kupanga mezani. Lakini shuleni njia ya mistari ndiyo iliyoshinda, kwani haidai kuchora kisanduku kila mara.

Hata hivyo, kimia hakikufa. Baadhi ya vitabu vya shule nchini Marekani vimekirudisha, na kinamfaa mtoto anayejua tebo lakini hupotea katika kubeba.

Hatua zikibaki karatasini, kosa linaweza kutafutwa. Ndipo agizo la mwalimu, “onyesha njia”, linapopata uzito wake. Mtoto anayefuta hatua zote kwa raba na kuacha jibu tupu amerudi, bila kujua, kwenye ubao wa vumbi.